Gitaa ya boksi ama ya umeme? Majibu ya maswali yenye huwa naulizwa kila wiki

Nairobi mtu akikuona umebeba gitaa mgongoni mara mbili tayari wewe ni mwalimu, hakuna cha kuuliza kama umesomea. Mimi napiga ridhimu kanisani Jumapili, na Jumamosi jioni tunakutana wasee wanne huko Umoja tunajaribu benga na rumba, ni hivyo tu. Lakini nimeulizwa maswali kwa ngazi za ploti, kwa laini ya matatu, kwa simu saa tano usiku, na karibu yote yanarudi pale pale: ninunue ipi kwanza. Nimeyaweka hapa, ruka uende kwa lile lako. Na kabla hatujaanza, nikisema kodi namaanisha zile za muziki, noti kadhaa zikipigwa pamoja, ya landilodi mtamalizana wenyewe.

Kwani tofauti ni gani, si zote zina nyuzi sita?

Zina sita ndio, na zinatyuniwa sawa, E A D G B E kutoka ule mnene kwenda mwembamba, kwa hivyo G ya boksi na G ya umeme vidole vinakaa pale pale. Tofauti ni nani anapaza sauti. Boksi inajipazia yenyewe: uzi unatikisa briji, kile kipande kinachoshika nyuzi pale tumboni, briji inatikisa ule ubao wa juu, ubao unatikisa hewa ya tumboni na sauti inatoka, ndio maana tumbo ni kubwa na lina shimo. Ya umeme nyingi hazina tumbo, ni gogo. Chini ya nyuzi kuna pikapu, yaani sumaku zimezungushiwa waya mwembamba sana wa shaba maelfu ya mara, sasa uzi wa chuma ukitetemeka juu yake unavuruga nguvu za ile sumaku na hapo kunazaliwa kaumeme kadogo sana, kanapita kwa kebo hadi kwa ampu, ampu ndio inakakuza. Bila ampu utasikia kitu kama mbu ameshikwa ndani ya neti.

Na iliundwa sababu ya kelele za wengine. Miaka ya 1930 huko Marekani mpiga gitaa kwa bendi ya dansi alikuwa anafunikwa na tarumbeta hadi haonekani kazi yake, kampuni ya Rickenbacker wakatoa moja ya umbo la kikaango, watu wakaiita Frying Pan. Kampuni ya Fender wakaja na gogo lao 1950, Stratocaster yao ikafuata 1954, na ukipita maduka ya Luthuli Avenue mjini leo uangalie zile za bei ya chini zimening'inizwa, nyingi bado zinaiga umbo hilo hilo la 1954.

Nimeambiwa lazima nianze na boksi ndio vidole vikomae. Ni kweli?

Hii ndio imani yenye imefanya watu wengi wauze gitaa kabla ya mwezi kuisha. Mimi siikubali, na najua kuna wazee watanikasirikia.

Angalia hesabu. Seti ya kawaida ya nyuzi za boksi ya chuma, ule mwembamba kabisa ni inchi 0.012. Seti ya umeme inaanza 0.009 ama 0.010. Inaonekana tofauti ndogo lakini ukijumlisha mvuto wa nyuzi zote sita, boksi inavuta kilo 70 hivi, ya umeme yenye nyuzi za 0.009 inavuta kama kilo 40. Hiyo nguvu yote inapingana na ncha za vidole vya mtu mwenye jana alikuwa anashika kalamu na simu. Alafu boksi nyuzi zinakaa juu zaidi ya freti, vile vyuma vimelazwa kwa shingo, so unabonyeza uzi mgumu na unaubonyeza mbali. Kodi ya F, ile ya kulaza kidole cha shahada kote, kwa umeme wiki ya tatu inaanza kutoka, kwa boksi mbaya mtu anaweza kukaa nayo miezi na aseme hana kipaji.

Wenye kusema uanze na boksi walianza nayo sababu ndio ilikuwepo nyumbani, ampu ilikuwa ndoto. Walikuwa hawana njia nyingine, sasa mateso yao yakageuka kanuni. Vidole vinakomaa kwa kupigwa kila siku, dakika ishirini za kila siku zinashinda masaa matatu ya Jumamosi, na utapiga kila siku ile gitaa haikuumizi na inatoa muziki wenye unaupenda. Kama hiyo ni boksi, nunua boksi, nitakupigia makofi. Lakini usiinunue kama adhabu.

Vidole vinauma sana, niko sawa ama nimeumia?

Ncha zikiuma na ziwe na mistari, uko sawa, ngozi inajijenga wiki mbili mpaka nne hivi. Kiganja ama kifundo cha mkono kikiuma, hapo simama, unashika vibaya ama unabonyeza kama unakamua mua. Bonyeza karibu na freti, nyuma yake tu, sio katikati ya nafasi, utaona unatumia nusu ya nguvu.

Nataka benga / rumba / gospel / zile za kuimba kando ya moto. Ipi ni ipi?

Hapa ndio swali lenyewe, mengine ni mapambo.

Benga ni umeme. Ilichipuka upande wa Waluo miaka ya 1960 na ukisikiliza solo vizuri utasikia nyatiti, ile ala ya nyuzi nane, noti moja moja za mbio zinakimbizana na mwimbaji, akimaliza mstari gitaa inamjibu. D.O. Misiani na Shirati Jazz, sikiliza hapo. Solo ya hivyo inapanda hadi karibu na tumbo, na boksi ya kawaida shingo inaingia kwa tumbo freti ya 14, zile za nailoni ya 12, baada ya hapo mkono unagonga ubao. Ya umeme ina freti 21 hadi 24 na imekatwa pembeni, unafika juu bila kujikunja. Na mlio ni msafi, mkali, hauna mchanga, so usidanganywe kununua pedali ya distosheni, ile ya kukwaruza mlio.

Rumba ya Kongo pia umeme, na ukitaka kujua ni kwa nini, hesabu gitaa: kuna solo, kuna mi-solo ya katikati, kuna ridhimu, kuna besi, kila moja na njia yake na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Boksi kwa hiyo kazi itajaza hewa yote sababu mlio wake ni mpana.

Omutibo ya Magharibi, kama alivyoipiga George Mukabi, hiyo ni boksi bila mjadala. Kidole gumba kinatembeza besi, cha shahada kinapiga tuni juu, na pembeni mtu anakwaruza na kugonga chupa ya Fanta. Ukiipiga kwa umeme inawezekana, lakini ni kama kuvaa suti kwenda kulima. Na kama wewe unapenda historia, mtafute Fundi Konde wa Pwani, anatajwa kati ya Wakenya wa kwanza kushika gitaa ya umeme, na bado mkono wake unasikika umetoka kwa boksi.

Kanisani inategemea kanisa. Kwaya ndogo bila mitambo, boksi. Timu ya sifa yenye kinanda na dramu, boksi bila kuchomekwa hutasikika, hata ukipiga hadi uzi ukatike. Kuimba na marafiki Ngong Hills, boksi, hutapanda na ampu kilimani.

Kuna ile ya nyuzi za plastiki, si hiyo ndio laini zaidi?

Hiyo ni ya klasiki, nyuzi ni nailoni, kama Yamaha C40 yenye utaona kwa maduka mengi. Ndio, kwa vidole ni laini, lakini shingo yake ni pana, karibu milimita 52 pale juu ambapo boksi ya chuma ni 43 ama 44, so mwenye vidole vifupi atajinyoosha. Mlio ni wa upole.

Sasa naomba usikilize hii manake mimi ilinifika. Gitaa yangu ya kwanza nilinunua mtumba elfu sita na mia tano, mwenye kuuza ameifunga nyuzi za chuma zinang'aa, nikaona nimepata. Ilikuwa ya klasiki. Hizo hazikujengewa ule mvuto wa kilo 70, nyingi hata hazina chuma cha kunyoosha ndani ya shingo. Ilikaa wiki tano, briji ikaanza kuinuka kidogo, mi nikadhani ndio ilivyo, usiku mmoja saa nane tumelala tukasikia mlipuko, mke wangu akaamka anasema ni wezi. Briji ilikuwa imeng'oka na kipande cha ubao. Fundi alicheka kwanza ndio akanihurumia. Kwa hivyo angalia kichwa cha gitaa: kama kina nafasi mbili ndefu zimetobolewa na vijiti vya kukazia vinaangalia nyuma, hiyo ni ya nailoni, usiwahi kuiwekea chuma. Kinyume chake hakiui kitu lakini hakifai, na nailoni kwa gitaa ya umeme ni kimya kabisa, sumaku haijui plastiki.

Nyumba yangu ni bedsita, majirani wako ukutani. Nifanyeje?

Watu hudhani ya umeme ndio ya kelele. Kwa nyumba ya kupanga ni tofauti kabisa. Boksi haina kitufe cha kupunguza sauti, ukipiga saa nne usiku ploti nzima inajua umefika kodi gani na keateka asubuhi anakuuliza hiyo wimbo utaijua lini. Ya umeme unachomeka hedifoni kwa ampu, ama kale kaampu kadogo ka kuchomekwa kwa gitaa yenyewe kanatumia betri, na unapiga hadi alfajiri. Hii peke yake ndio sababu huwa nawaambia watu wa Pipeline na Kayole wafikirie umeme.

Na stima ikipotea?

Ukiwa na boksi, washa mshumaa uendelee, hapo boksi imeshinda. Ya umeme bila ampu bado unaweza kufanya mazoezi ya vidole, unasikia kidogo ukiinama, na hiyo kaampu ya betri haijali stima. Isikuzuie kununua.

Naweza kuchomeka ya umeme kwa wufa ya nyumba ndio nisinunue ampu?

Kebo ukiitafutia adapta itaingia, lakini utasikia sauti ndogo imefunikwa na blanketi. Pikapu inatoa mkondo dhaifu sana na wufa inangojea kitu chenye nguvu kama cha simu ama dividii, hawaelewani. Ukiongeza volyumu hadi mwisho ndio isikike, siku utaangusha kebo spika itapigwa na mshindo wenye haikutengenezewa. Ampu ya wati 10 inatosha chumba, hata inazidi. Njia ya bei nafuu zaidi ni kifaa kidogo cha kuunganisha gitaa na simu, unaweka programu ya ampu kwa simu na hedifoni masikioni.

Kanisani pia usichomeke moja kwa moja kwa mixa na kebo ya mita kumi, uliza kama kuna di-ai, kale kasanduku kadogo ka kukaa katikati ya gitaa na mixa. Fundi wa sauti atakuheshimu kwa kujua jina lake tu.

Ampu yangu inavuma mmmm hata sijapiga. Imeharibika?

Pengine hapana. Stima yetu inazunguka mara 50 kwa sekunde na pikapu za koili moja, yaani mzunguko mmoja wa ule waya wa shaba, zile nyembamba, zinaunasa huo mvumo kama antena. Geuka kidogo uangalie upande mwingine, ama songa mbali na chaja na taa za tyubu, utaona unapungua. Gibson waliutatua miaka ya 1950 kwa kuweka koili mbili zinazoangaliana kinyume ndio mvumo ujiue wenyewe, ndio zile pikapu nene. Kama ukigusa nyuzi mvumo unapungua, ni kawaida. Kama ukigusa nyuzi unapigwa shoti, chomoa sasa hivi, hiyo ni waya wa ardhi haupo kwa soketi ama kwa ampu, ita fundi wa stima na si wa gitaa.

Na ampu za mtumba kutoka Marekani ni za volti 120, hapa ni 240. Soma nyuma yake. Msee wetu mmoja hakusoma, tulisikia pah, chumba kikanuka siku mbili.

Kuna boksi yenye shimo la kuchomeka. Si hiyo ndio jibu la yote?

Ni boksi ya kawaida imeongezewa pikapu ya kunasa mtikisiko chini ya nyuzi na betri ya volti 9 pembeni. Mikono yako itahisi boksi, uzito wa nyuzi ni wa boksi, mlio kwa spika ni wa boksi. Kwa kanisa ni nzuri sana. Lakini usitarajie solo ya benga itoke humo, na ukiiweka karibu na spika kubwa inapiga kelele ya wiii. Toa kebo ukimaliza, ikibaki imechomekwa betri inaendelea kuliwa.

Bajeti ni ndogo, ipi ni rahisi?

Boksi, kwa sababu unanunua kitu kimoja. Ya umeme hesabu ampu, kebo na mkanda, mimi husema theluthi ya pesa iwekwe kando kwa hivyo. Watu wanamaliza pesa yote kwa gitaa alafu wanakaa na gogo kimya miezi miwili wakichangisha. Vyovyote vile, bakisha kitu cha fundi. Boksi ya bei ya chini ikishushwa nyuzi na fundi mwenye anajua inaweza kuwa laini kuliko ghali isiyoguswa.

Naenda kuangalia ya mtumba, niangalie nini?

Nenda mchana na usiende peke yako kama hujui. Kwanza ishike kama bunduki, jicho moja pale kwa kichwa, angalia shingo hadi chini, iwe karibu imenyooka, kupinda kidogo mno kwenda mbele ni sawa, kujipinda kama skrubu ni hapana, rudisha. Alafu freti ya 12, angalia nafasi kati ya uzi mnene na freti. Boksi milimita 2 na nusu hivi ni nzuri, umeme 2 ama chini kidogo. Ukiona 4 au 5 mwambie mwenye kuuza apunguze bei ama aiweke kama pambo. Piga kila uzi kwa kila freti, ndio, zote, hata akianza kukohoa kwamba ana haraka, ukisikia zzzz mahali pamoja freti moja imeinuka, ukisikia kila mahali shingo inataka kurekebishwa. Boksi weka kadi ya ID nyuma ya briji, ikiingia chini kuna mwanya, achana nayo, ushajua hadithi yangu. Ya umeme ichomeke, zungusha vitufe vyote: kukwaruza kwa volyumu ni vumbi na kunasafishwa, lakini pikapu kuwa bubu ni pesa.

Bei usitaje wewe kwanza.

Mtoto wa miaka minane?

Ya nailoni ya saizi robo tatu. Ya umeme ndogo pia ziko na ni laini, shida ni uzito, gogo la kawaida ni kilo tatu hadi nne na mgongo wake bado ni mdogo. Usimpe ya mtu mzima ati atakua nayo.

Nyuzi nibadilishe lini, na naweza kutumia za boksi kwa umeme?

Zikishakuwa nyeusi na mlio umekufa, kwa mwenye kupiga kila siku ni miezi miwili mitatu. Panguza na kitambaa ukimaliza, jasho ndio linaua. Za boksi zile za shaba-shaba usiweke kwa umeme, sumaku haizioni vizuri, zitasikika mbili za juu zinapiga kelele na nne za chini zinanong'ona. Januari na Februari Nairobi hewa ni kavu, mbao inanywea, usishangae boksi yako ikianza kuvuma mahali haikuwa inavuma.

Mimi ni wa kushoto.

Jaribu ya kulia kwanza wiki mbili. Ikikataa kabisa ujue dukani utapata chache, na kugeuza nyuzi za ya kulia kunataka fundi abadilishe nati, kale kapande kanakoshika nyuzi pale karibu na kichwa, na kile kimfupa cha briji, usigeuze tu ukaacha.

Nikianza na moja nitaweza kuhamia nyingine?

Kodi zote zinahama na wewe. Kutoka boksi kwenda umeme utaona unabonyeza sana hadi noti zinapanda juu ya tyuni, punguza nguvu. Kutoka umeme kwenda boksi utalia wiki moja. Mimi nilianza na hiyo iliyolipuka, nikaingia umeme, sasa niko na zote mbili na ile inakaa karibu na kiti ndio napiga zaidi.

Gitaa inaingia matatu?

Inaingia. Boksi usiweke kwa buti chini ya mifuko ya viazi, ipakate, na kwa ile ya abiria kumi na nne kaa nyuma kabisa pembeni uisimamishe katikati ya miguu, kichwa juu. Nunua mfuko wenye sponji, sio ule wa kitambaa kitupu. Makanga akisema inalipa kiti mwambie utaipakata, kwa kawaida anakubali, ila jioni ya mvua pale steji ya Ambassadeur mjini hakubali, na mimi siku hizo hulipa hicho kiti na nakaa nayo kando yangu kama abiria.